Dawa ya kuzuia VVU ipo. Mbona haiwafikii wanaume Weusi?

Hotuba hii niliitoa hapa Atlanta mbele ya wauguzi, wahudumu wa afya na wanajamii wanaozungumza Kiswahili. Wengi walikuwa zamu siku ile wakaomba niiweke yote. Nimeiacha kama nilivyoisema, ila picha za ukutani nimeziondoa.

Shikamooni wazee wangu. Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Kaka zangu, dada zangu, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma karibu na mlango: njooni mbele, viti vipo.

Nimeombwa nizungumze juu ya afya yetu hapa Marekani, nikaambiwa nichague mada mwenyewe. Nimechagua ile ambayo kwenye mikutano yetu huwa tunaipita kando. Nitazungumza juu ya mashoga, na wanaume wanaopenda wanaume na wanawake pia, na kwa nini miongoni mwao walio Weusi wanaendelea kuambukizwa VVU wakati kinga imejaa madukani. Naona nyuso zimekunjwa. Nivumilieni mpaka mwisho, ndipo mnihukumu.

Tuanze na dawa yenyewe. PrEP ni dawa anayotumia mtu asiye na VVU ili asiambukizwe. Ilianza kama kidonge kimoja kwa siku. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha kidonge cha Truvada kwa kazi hiyo Julai 16, 2012. Mtu akikimeza inavyotakiwa, hatari ya kuambukizwa kwa kujamiiana inashuka kwa takribani asilimia 99. Wauguzi wenzangu, ni dawa ngapi mnazozijua zenye kinga ya namna hiyo?

Sasa sikieni. Mwaka 2022, kwa hesabu za CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti na kuzuia magonjwa, ambayo makao yake makuu yako hapa hapa mjini kwetu, kati ya kila Wazungu 100 ambao PrEP ingewafaa, 94 walikuwa wameandikiwa. Kati ya Walatino 100, ni 24. Kati ya Weusi 100, ni 13. Tisini na nne, na kumi na tatu.

Hesabu hiyo ni ya watu wote, wake kwa waume. Kwa wanaume ninaowazungumzia leo, CDC ilitoa hesabu nyingine Februari 2016. Walisema mambo yakiendelea vile vile, mwanaume shoga au mpenda jinsia zote mbili akiwa Mzungu, uwezekano wa kugundulika na VVU katika maisha yake ni mmoja kati ya 11. Akiwa Mlatino, mmoja kati ya 4. Akiwa Mweusi, mmoja kati ya 2. Mmoja kati ya wawili! Na dawa ilikuwa imeshakaa sokoni zaidi ya miaka mitatu.

Kwa nini?

Jibu la haraka mnalo, nimelisikia hata humu ukumbini kabla sijapanda hapa: "Ni tabia zao." Basi tuanze na tabia, kwa sababu jibu hilo limechunguzwa, na limechunguzwa sana.

Mwaka 2012 mtafiti mmoja, Gregorio Millett, na wenzake walichapisha kwenye jarida la Lancet kazi iliyokusanya tafiti chungu nzima za Marekani, Canada na Uingereza. Walilinganisha wanaume Weusi wanaolala na wanaume, na wenzao wasio Weusi. Je, Weusi wa Marekani walikutwa wanajihatarisha zaidi? Hapana. Dawa za kulevya walitumia kidogo kuliko wenzao. Walichozidiwa ni kipato, bima na ajira. Walichozidi ni kuwahi kufungwa jela. Na wale waliokwisha kuambukizwa hawakuwa wakipata ARV kwa kiwango cha wenzao, kwa hiyo virusi vyao havikuwa vimefubazwa.

Hapo ndipo penye siri yote, naomba tukae hapo kidogo. Aliyefubaza virusi, kipimo kikawa hakivioni tena, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Sasa fikirieni jamii mbili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory walipowapima wanaume wanaolala na wanaume hapa Atlanta, takribani 43 kati ya kila 100 Weusi walikuwa na VVU. Kwa Wazungu ilikuwa 13. Watu hupenda wanakoishi, wanakosali, wanakocheza muziki. Kijana Mweusi mwenye mpenzi mmoja tu anaweza kuwa hatarini kuliko Mzungu mwenye wapenzi watano. Ni sawa na watu wawili wanaovuka barabara kwa uangalifu uleule, mmoja kijijini, mwingine kwenye ile I-85 yetu saa ya watu kutoka kazini.

Kuna kijana alikuja kupimwa nikiwa zamu. Mmarekani Mweusi, mpole, shati limepigwa pasi. Nimebadilisha mambo madogo ili asitambulike. Alikuwa na mpenzi mmoja, wakitumia kondomu, si kila mara lakini mara nyingi. Majibu yalipotoka na VVU, hakulia. Alichukua karatasi yangu ya maswali, ile tunayojaza ya tabia hatarishi, akaanza kuisoma upya mstari kwa mstari, kidole juu ya karatasi, akitafuta ni wapi alipokosea. Akaniuliza, "Ni swali lipi hapa?" Hakukuwa na swali. Karatasi ile ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya kumpima mtu mwingine kabisa. Nilikaa naye mpaka zamu ikaisha, na dawa akaanza siku ile ile. Leo virusi vyake vimefubazwa, anaendelea na kazi yake. Lakini kidonge kile kingemfikia miezi sita kabla, tungekuwa tunazungumza mengine.

Haya, tuseme tabia si sababu. Je, dawa inampita wapi?

Inampita kwanza kwenye chumba cha daktari. Mwaka 2014 mtafiti Sarah Calabrese na wenzake walichapisha jaribio dogo lililonikosesha usingizi. Waliwapa wanafunzi wa udaktari habari ya mgonjwa wa kubuni, mwanaume anayeomba PrEP. Habari ilikuwa ileile, isipokuwa kwa baadhi yao mgonjwa alikuwa Mzungu, kwa wengine Mweusi. Mnajua walisema nini? Aliposomwa kuwa Mweusi, walimdhania zaidi kwamba akipewa PrEP ataacha kondomu, na dhana hiyo ikaenda sambamba na kusita kumwandikia. Mtu hayupo! Ametungwa kwenye karatasi! Na bado ngozi yake ilimnyima dawa.

Msiseme hao ni madaktari wa Kizungu peke yao. Sisi tunaofanya kazi kwenye kliniki tunajua mgonjwa Mweusi anavyoangaliwa, na wakati mwingine wanaomwangalia hivyo ni sisi.

Nilimpokea kijana mwingine aliyehamishwa kutoka kliniki moja ya jirani. Faili lake lilikuwa nene. Alikuwa ametibiwa kisonono cha njia ya haja kubwa, baadaye kaswende, baadaye tena kisonono. Kila mara alichomwa sindano, akapewa mfuko wa kondomu, akaaga. Mwongozo ulikuwepo ukutani: mgonjwa wa namna hii anatakiwa aambiwe habari za PrEP. Nilipomtajia, aliuliza kama ni dawa mpya. Ilikuwa na umri wa miaka mingi! Nani alikosa kwenda kwa daktari hapo? Yeye alikwenda. Alikwenda mara tatu.

Ndiyo maana mwaka 2021 CDC ilibadilisha mwongozo wake ikasema kila mtu mzima na kijana anayejamiiana aambiwe habari za PrEP, na anayeiomba apewe, hata kama hajaeleza yanayomweka hatarini. Kila mtu. Ukimwambia kila mtu, unaacha kubahatisha kwa kutazama ngozi.

Inampita pili kwenye bima, na hapa naomba mkumbuke tarehe mbili. Juni 28, 2012, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba jimbo halilazimiki kupanua Medicaid, ile bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Julai 16, 2012, PrEP ikaidhinishwa. Zimepishana siku 18. Wiki zile zile kinga ilipozaliwa, majimbo yalipewa ruhusa ya kuwaacha maskini wao nje. Na ni majimbo yapi yaliyoitumia ruhusa hiyo mpaka leo? Texas. Florida. Alabama. Mississippi. South Carolina. Tennessee. Na Georgia yetu, ambayo mwaka 2023 ilileta mpango wake mdogo unaomtaka mtu athibitishe saa zake za kazi. Kusini ndiko wanakoishi zaidi ya nusu ya Wamarekani Weusi. Kusini ndiko inakotoka karibu nusu ya maambukizi mapya ya nchi nzima.

Mwaka 2019 Truvada iliuzwa karibu dola 2,000 kwa mwezi. Mwaka 2021 kampuni nyingine zikaruhusiwa kwa wingi kutengeneza dawa hiyo hiyo, bei ikaporomoka. Tukashangilia. Lakini kidonge si gharama yote, na wafamasia mliopo hapa mnajua. Kila baada ya miezi mitatu kuna kipimo cha VVU na vya magonjwa ya zinaa, na figo nazo zina vipimo vyake. Kuna ada ya daktari. Kuna nusu siku ya kazi isiyolipwa. Mtu anaishi Clayton, anapakia mizigo usiku ghalani karibu na uwanja wa ndege, kliniki inafunguliwa saa tatu asubuhi na basi la kwanza la MARTA limechelewa. Akikosa miadi, tunaandika kwenye faili kwamba hafuati matibabu. Nani hafuati nini?

Na serikali za majimbo nazo haziko kando. Januari 2023 Tennessee ilitangaza kwamba inazikataa fedha za serikali kuu za kuzuia VVU, zaidi ya dola milioni 8 kwa mwaka. Tennessee ndiko iliko Memphis, mji wenye Weusi wengi na maambukizi mengi. Halafu Aprili 2025, hapa hapa mjini kwetu, wafanyakazi wengi wa CDC waliokuwa kwenye kazi ya kuzuia VVU waliachishwa. Baadhi yenu mnawajua kwa majina, mnasali nao.

Tatu ni imani, nayo huwa inasemwa kinyume. Watu husema, "Weusi hawaziamini dawa." Wanataja Tuskegee, wanafunga mjadala. Tuskegee iko Alabama, mwendo wa kama saa mbili kwa gari kutoka ukumbi huu. Kuanzia mwaka 1932, idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume Weusi wapatao 600 wa wilaya ya Macon. 399 kati yao walikuwa na kaswende. Waliambiwa wana "damu mbaya." Penisilini ilipokuwa tiba inayojulikana miaka ya 1940, hawakupewa. Mwaka 1969 CDC yenyewe ilikaa kikao ikaamua utafiti uendelee. Ulikoma mwaka 1972 baada ya mtumishi wa zamani, Peter Buxtun, kupeleka habari kwa waandishi. Rais Clinton aliomba radhi kwa niaba ya taifa Mei 16, 1997.

Miaka arobaini! Sasa mwulizeni anayesema Weusi hawaamini: walioficha tiba walikuwa nani? Anayedaiwa hapa ni nani, aliyedanganywa au aliyedanganya?

Tena hata hilo la kutoamini limekuzwa kuliko lilivyo. Kulikuwa na utafiti mkubwa wa sindano ya PrEP, cabotegravir, inayochomwa kila baada ya miezi miwili. Katika washiriki wa Marekani, karibu nusu walikuwa Weusi. Watafiti waliamua tangu mwanzo kwamba lazima iwe hivyo, wakaenda kuwatafuta, nao wakaja. Walitoa mikono yao na damu yao. Matokeo ya mwaka 2020 yalionyesha maambukizi yalipungua kwa asilimia 66 kuliko kwa waliotumia kidonge. Desemba 2021 sindano ikaidhinishwa. Nani aliyeanza kuifaidi? Mwenye bima nzuri na mwajiri mzuri. Wakati wa utafiti walionekana. Wakati wa kugawa hawakuonekana tena.

Sasa nakuja kwetu, nami nitasema taratibu.

Mwanao akijaza fomu hospitalini, anaweka alama wapi? Kwenye kisanduku cha Weusi. Hakuna kisanduku cha Mkongo wa Bukavu wala Mkenya wa Kisumu wala Mtanzania wa Tanga. Daktari anayemdhania vibaya kijana wa Alabama anamdhania vibaya mwanao kwa macho yale yale. Hesabu ya 13 kati ya 100 ni yake pia.

Na kuna wetu ambao ni mashoga. Wapo. Wamekaa hapa hapa tunapozungumza, na ninawaambia mbele ya wazazi wao: karibuni, nyinyi ni watoto wetu.

Nisikilizeni wazazi. Katika nchi hii mtoto anaweza kubaki kwenye bima ya mzazi mpaka atimize miaka 26. Jambo zuri. Lakini akienda kuchukua dawa, kampuni ya bima mara nyingi hutuma barua kwa mwenye bima ikieleza huduma iliyolipiwa. Barua inakuja nyumbani. Baba anaifungua. Nimeongea na vijana wanaozungumza Kiswahili kama mimi na nyinyi, wenye bima, wenye gari, wenye kliniki umbali wa dakika kumi, ambao hawachukui PrEP kwa sababu ya bahasha hiyo moja. Mmoja aliniambia anajua siku ambazo mtu wa posta hupita kwao. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kweli. Lakini huyu hana maradhi bado! Anachoficha ni kinga, na anatuficha sisi.

Kwa wanaodhani dini inatuzuia kuligusa jambo hili, nitawatajia mtu mmoja. Rashidah Hassan, muuguzi wa Philadelphia, Mmarekani Mweusi, Mwislamu. Miaka ya 1980 aliona UKIMWI unawaua Weusi wa mji wake huku elimu na misaada ikielekezwa kwa mashoga wa Kizungu. Mwaka 1985 akaanzisha shirika la BEBASHI ili Weusi waelimishane wenyewe. Kitambaa chake kichwani, akafanya kazi bega kwa bega na mashoga Weusi kwa sababu walikuwa wanakufa. Hakusubiri mtu amruhusu. Dada zangu wauguzi wa Kiislamu na wa Kikristo mliopo hapa, huyo ni mwenzenu wa kazi.

Nimalizie na jambo linalotokea sasa hivi. Juni 2025 iliidhinishwa sindano nyingine, lenacapavir, inayochomwa mara mbili tu kwa mwaka. Uwezo wake ulionekana kwanza kwa wanawake na wasichana wa Afrika Kusini na Uganda: zaidi ya 2,100 walichomwa, na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Hata mmoja. Kisha ikajaribiwa kwa wanaume wanaolala na wanaume na watu waliobadili jinsia katika nchi kadhaa, Marekani ikiwemo. Kati ya watu zaidi ya 2,100 waliambukizwa wawili. Mara mbili kwa mwaka! Mpakia mizigo wa Clayton angeiweza. Kijana wa bahasha angeiweza. Lakini bei iliyotangazwa Marekani ni dola 28,218 kwa mwaka. Kwa nchi zenye kipato cha chini, nyumbani kwetu zikiwemo, kuna makubaliano ya dawa hiyo hiyo kutolewa kwa kama dola 40 kwa mwaka kuanzia 2027. Tukiiacha ijitafutie njia yenyewe, tunajua itakwenda kwa nani. Tumeshaona kwa kidonge, tukaona kwa sindano ya kwanza.

Kwa hiyo nawaomba mambo ya Jumatatu asubuhi. Wauguzi: kila mgonjwa, kila mmoja, atajiwe PrEP, na aliyekuja na kisonono asitoke mlangoni kabla hajaelezwa. Wafamasia: bima ikikataa, msimrudishe mtu mikono mitupu, pigeni simu yeye akiwa bado amesimama hapo kaunta, mipango ya kulipia ipo na nyinyi ndio mnaozijua fomu zake. Mnaofanya kazi mapokezi: tafuteni nafasi za jioni kwa wanaofanya kazi usiku. Vijana: mnayo haki ya kuiomba kampuni ya bima itume barua zenu kwenye anwani nyingine au kwa simu; nitawaonyesha fomu inavyojazwa. Na wewe mzazi, barua yenye mambo ya mwanao mtu mzima ikifika, mpe. Akitaka kukueleza, kaa umsikilize.

Nimemaliza. Tuna nusu saa ya maswali. Mwenye swali lisilofaa kuulizwa kwenye maikrofoni, nitakuwa pale karibu na meza ya chai mpaka watufungie ukumbi.